Ngoma Ivumayo Haidumu: Namna ya Kuilinda Twita ya Spika

Wahenga walisema kwamba ngoma ivumayo haidumu. Walikuwa wakizungumza juu ya ngoma ya ngozi, lakini usemi wao unazifaa vilevile spika zilizomo leo katika vyumba vya askari wengi. Spika ni mali. Hununuliwa kwa akiba ya miezi, hufunikwa kitambaa kilichofumwa na mama wa nyumba, na siku ya furaha huazimwa na majirani. Ikiharibika, kinachopotea si sauti peke yake.

Yafaa kutazama mfano wa nyumba mbili zinazotazamana katika kambi moja nchini Uganda. Katika nyumba ya kwanza anakaa koplo mwenye spika mbili kubwa, zilizoandikwa mgongoni wati 100. Katika nyumba ya pili anakaa sajini. Sajini alikuwa akimfanyia binti yake sherehe ya utambulisho, ile ambayo Waganda huiita kwanjula, akaomba kuazimwa spika hizo. Amplifaya alikuwa nayo yake mwenyewe, ndogo, ya wati 20. Koplo alikubali kwa moyo mweupe. Wote wawili waliamini kwamba kitu kidogo hakiwezi kukidhuru kikubwa.

Sherehe ilifana. Wasemaji wa pande mbili walishindana kwa maneno matamu, na baada ya chakula muziki ukapigwa uwanjani hadi usiku. Kesho yake spika zikarudishwa, zimepanguswa vumbi vizuri. Koplo alipoziwasha, sauti ilitoka nzito na butu, kana kwamba mwimbaji alikuwa amefunikwa blanketi. Besi ilikuwapo; matoazi, njuga na herufi za mwisho za maneno hazikusikika.

"Nenda umwambie," alisema mkewe.

"Nimwambie nini, mama watoto? Yule ni mkubwa wangu," alijibu koplo.

Basi hakumwambia. Lakini neno lisilosemwa halikosi pa kutokea. Wake wa nyumba hizo mbili walianza kupishana bombani bila salamu, na watoto wakakatazwa kuvuka kwenda kucheza upande wa pili. Mambo yaliendelea hivyo mpaka koplo alipoipeleka spika kwa fundi.

Fundi aliifungua, akaachanisha waya mmoja wa spika ndogo iliyo juu, ile iitwayo twita, akaipima kwa mita. Twita nzima ya omu 8 huonyesha kiasi cha omu 6 hivi. Safari hii sindano haikusogea hata kidogo.

"Ilipigwa kwa amplifaya gani, Afande?"

"Ndogo tu, fundi. Wati 20. Na spika hizi ni za wati 100."

"Basi hiyo ndogo ndiyo iliyoiunguza."

Jibu hilo huwashangaza wengi, kwa hiyo lahitaji kuelezwa. Spika ya kawaida ya nyumbani hugawanya kazi kama kikosi. Wufa, iliyo pana, huchukua sauti nzito. Twita huchukua sauti nyembamba. Twita nyingi zina kuba dogo lenye upana wa kiasi cha milimita 25, na nyuma ya kuba hilo mna koili ya waya mwembamba sana inayocheza ndani ya sumaku. Wembamba huo ndio uiwezeshao kutikisika maelfu ya mara kwa sekunde. Na wembamba huohuo ndio udhaifu wake. Koili haiwezi kustahimili joto la wati nyingi kwa muda mrefu. Wati chache tu zenye kuendelea zaweza kuiunguza. Mpiga tarumbeta wa kambi hapewi kubeba mzinga.

Kwa hiyo namba ya wati 100 iliyo mgongoni mwa spika si ya twita. Ni ya spika nzima, ikipiga muziki wa kawaida, ambamo sehemu kubwa ya nguvu huwa katika sauti nzito na kuishia kwenye wufa.

Sasa amplifaya ndogo huunguza vipi? Kila amplifaya ina kikomo cha nguvu inayoweza kutoa. Kitufe kikizungushwa kupita kikomo hicho, wimbi la sauti, ambalo kilele chake kilipaswa kuwa cha mviringo, hukatwa kichwa na kuwa bapa. Hapo hutokea mambo matatu. Kwanza, wimbi lililokatwa hubeba nguvu zaidi: amplifaya ya wati 20 iliyosukumwa hadi mwisho yaweza kutoa karibu wati 40. Pili, besi ikishafika kikomo haiongezeki tena, lakini sauti nyembamba huendelea kupanda. Tatu, pembe kali za wimbi lililokatwa huzaa sauti nyembamba mpya ambazo hazikuwamo katika wimbo. Nyingi ya nguvu hizo huelekea twita. Koili hupata moto, gamba la waya huungua, waya hukatika.

Amplifaya kubwa nayo huua twita ikipigwa bila kiasi. Lakini iliyo kubwa kidogo, ikipigwa kwa utulivu, ni salama kuliko ndogo inayopiga kelele za kuomba msaada.

Yafuatayo yazingatiwe katika kila nyumba yenye spika.

Sikio ndilo mlinzi wa kwanza. Sauti ikianza kukwaruza, herufi "s" zikisikika kama mafuta ya kukaangia, punguza mara moja hadi iwe safi, kisha punguza tena kidogo. Usingoje wimbo uishe. Kumbuka pia kwamba sikio huzoea kelele. Aliyekaa karibu na spika kwa saa nyingi hawezi tena kuhukumu vyema. Kazi ya kitufe apewe mtu mmoja mwenye busara, wala si kila mgeni apitaye.

Uwanjani si chumbani. Chumbani kuta huirudisha sauti. Nje hutawanyika, na watu huongeza bila kujua. Spika za nyumbani zikitolewa nje ziwahudumie walio karibu. Wageni wakiwa wengi, heri kukodi vyombo vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Vitufe vya besi na sauti nyembamba viachwe katikati sauti inapokuwa kubwa. Kuongeza desibeli 10 kwa kitufe ni kudai nguvu mara 10 katika sehemu hiyo ya sauti, na ndiyo njia ya haraka ya kuifikisha amplifaya kwenye kikomo chake.

Kipaza sauti cha mkononi kisielekezwe mbele ya spika. Ule mlio mkali wa filimbi unaowafanya wageni kuziba masikio ni nguvu tupu inayokwenda kwenye twita bila kupumzika. Ukitokea, rudisha kitufe nyuma kwanza, lawama zitafuata.

Kabla ya kuwasha, kuzima, au kuchomeka waya wa simu au wa redio, shusha sauti hadi chini. Amplifaya iwashwe ya mwisho na izimwe ya kwanza. Umeme ukikatika, zima swichi, ili utakaporudi, au jenereta itakapowashwa, usije na kishindo.

Watoto wafundishwe kutogusa kuba la twita. Kidole kimoja hulibonyeza ndani. Vumbi liondolewe juu ya wavu wa mbele kwa brashi laini na kavu.

Na twita ikishakufa, fundi aweke yenye omu zilezile. Kile kidude kidogo kilichoungwa mbele yake, kapasita, kisiondolewe wala kurukwa kwa waya ati ili sauti iwe kali. Ndicho mlinzi wa mlango. Kapasita ya maikrofaradi 4.7 pamoja na twita ya omu 8 huanza kuzipunguza sauti zilizo chini ya takriban hezi 4,200. Ikiwekwa ya maikrofaradi 10, mlango hufunguliwa hadi karibu hezi 2,000, na nguvu nyingi zaidi huingia. Basi ikibadilishwa, iwekwe ya kipimo kilekile, tena ya aina isiyo na upande wa chanya na hasi.

Koplo alirudi kambini na ile twita iliyoungua mfukoni. Jioni alivuka uwanja, akapiga hodi kwa sajini, akaiweka mezani.

"Afande, sikuja kulaumu. Mimi nilitoa spika bila kuuliza zitapigwa kwa nini."

Sajini aliigeuza mkononi, akainusa harufu ya kuungua. "Nami niliisikia ikikwaruza tangu saa tatu," alisema. "Nikaona ni wimbo. Mbona hukuniambia, kijana wangu?"

Gharama waligawana nusu kwa nusu. Asubuhi yake mke wa sajini alifika bombani mapema, akamtwisha ndoo mke wa koplo, akaulizia hali ya watoto. Siku hizi spika zile bado huazimwa, lakini hazitoki bila amplifaya yake, na koplo huenda nazo na kukaa karibu na kitufe.