Taarifa za Mlima Hanang zipo, nani anazifikia?

ALFAJIRI ya Jumapili, Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuuvamia mji mdogo wa Katesh pamoja na vijiji vya jirani, vikiwamo Gendabi na Jorodom. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Serikali ilieleza baadaye kuwa haukuwa mlipuko wa volkano, bali sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilifyonza maji ya mvua, ikashindwa kuhimili uzito na kumeguka.

Maelezo hayo yaliwatuliza waliodhani kwamba mlima umeamka. Kwa mwanafunzi wa jiografia au sayansi ya mazingira, hata hivyo, hapo ndipo maswali yanapoanza. Udhaifu wa miamba hiyo ulijulikana tangu lini? Mlima uliwahi kumeguka zamani, na tope lilipita njia ipi? Usiku ule mvua ilikuwa kiasi gani huko juu mlimani, na si kule mjini?

Imezoeleka kusema kuwa mwanafunzi wa Tanzania hana pa kusoma. Usemi huo ulikuwa na ukweli zamani kuliko ilivyo sasa. Mpango wa Research4Life, unaozihusisha taasisi za Umoja wa Mataifa na wachapishaji wakubwa, hufungua majarida ya kulipia kwa nchi zenye kipato kidogo. Sehemu yake ya mazingira, iitwayo OARE, ilianza mwaka 2006. African Journals Online hukusanya majarida ya Afrika, na orodha ya DOAJ, iliyoanza mwaka 2003, huonyesha yale yanayosomwa bure na yeyote. Vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Sokoine na Nelson Mandela vimeweka tasnifu za wanafunzi wao katika hazina za mtandaoni. Picha za setilaiti za Landsat, ambazo mfululizo wake ulianza mwaka 1972, zimekuwa bure tangu mwaka 2008.

Mlango upo, basi. Ugumu umo katika kubisha hodi kwa jina gani.

Anayeandika neno Hanang katika kanzidata hizo hupata sehemu tu ya kilichoandikwa. Mkoa wa Manyara ulizaliwa mwaka 2002, hivyo tafiti za kabla ya hapo zimesajiliwa chini ya Arusha. Wilaya yenyewe ilimegwa kutoka Mbulu, na Babati nayo ikatoka Hanang mwaka 1985. Maandishi ya miongo ya mwanzo yametawanyika chini ya majina hayo. Ramani za Wajerumani ziliuita mlima huo Gurui. Wafugaji wa eneo hilo wameandikwa Barabaig, Datooga, Tatoga na hata Mang'ati, wakati Wairaqw mara nyingine huitwa Wambulu. Hata alama ndogo inayowekwa mwishoni mwa Hanang' huweza kuipotosha kompyuta, ambayo haijui kwamba ni mlima ule ule.

Ipo pia shida ya lugha. Kiswahili husema maporomoko ya ardhi na kumaliza. Wanajiolojia wanaoandika kwa Kiingereza hutenganisha udongo unaoteleza kwa pamoja, tope linalotiririka, na mkondo wa mawe na magogo unaoshuka bondeni kwa kasi. Mwanafunzi anayetumia neno moja tu hukosa makala zinazohusu hasa kile kilichoikumba Katesh. Hili halifundishwi sana. Wengi hulijua kwa kuhangaika, wakiwa tayari mwaka wa mwisho wa shahada.

Suala la tatu ni haki ya kuingia. Research4Life husajili taasisi, si mtu mmoja mmoja. Mwanafunzi aliyeko chuoni Dodoma au Morogoro hupewa neno la siri na maktaba yake. Akihitimu na kurejea Katesh kuwa mwalimu au ofisa mazingira, neno hilo humtoka mkononi. Kitabu cha mwanajiolojia J. B. Dawson kuhusu volkano za kaskazini mwa Tanzania, Hanang ikiwamo, kilitolewa na Jumuiya ya Jiolojia ya London mwaka 2008. Aliyezaliwa chini ya mlima huo hakipati kwa urahisi kama anavyokipata mwanafunzi wa London.

Zito kuliko yote ni lile ambalo halimo katika kanzidata yoyote. Kanzidata ya majanga inayotumiwa zaidi duniani, EM-DAT ya Chuo Kikuu cha Louvain nchini Ubelgiji, huingiza tukio lililoua watu 10 au zaidi, au lililoathiri watu 100, au ambalo nchi ilitangaza hali ya dharura au kuomba msaada wa nje. Kigezo hicho kina maana kwa anayelinganisha nchi na nchi. Kwa mlima mmoja kinaficha mengi, kwa sababu tope linalobomoa nyumba mbili na kufukia shamba la mahindi halifiki kiwango hicho. Na ni matukio madogo ya namna hiyo ambayo humwonyesha mtafiti njia za maji na mabonde yanayojirudia. Kumbukumbu zake, kama zipo, zimo katika majalada ya vijiji na katika vichwa vya wazee.

Mvua nayo ina kisa chake. Mtafiti asiye na vipimo vya ardhini hukimbilia takwimu za CHIRPS, zinazochanganya setilaiti na vituo vya mvua tangu mwaka 1981 na kutolewa bure. Lakini kila mraba wake una upana wa takriban kilometa tano. Hanang unapanda hadi zaidi ya mita 3,400 kutoka uwanda ulio chini yake, na ndani ya kilometa hizo tano mteremko hubadilika kutoka shamba hadi msitu wa mawingu. Mraba mmoja hulainisha yote hayo kuwa wastani. Vipimo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huombwa rasmi, na mara nyingi huwa na ada; kwa mwanafunzi anayejilipia utafiti wake, hapo safari huweza kuishia. Picha za Sentinel-2, ambazo kila nukta yake ni mita 10 kwa 10, zinaonyesha vizuri kovu la mlima, ila katika msimu wa mvua mawingu huziba, na mtafiti hulazimika kujifunza kusoma rada ya Sentinel-1.

Historia ya ardhi ya wilaya hiyo nayo haikai pale inapotarajiwa. Kuanzia miaka ya 1970, mashamba ya ngano ya Basotu yaliyosimamiwa na NAFCO kwa msaada wa Kanada yalichukua ekari zipatazo 100,000 za malisho. Anayetaka kujua wafugaji walivyosukumwa na walivyodai ardhi yao atapata mengi katika ripoti za sheria kuliko katika majarida ya mazingira: kesi ya NAFCO dhidi ya Kijiji cha Mulbadaw, ambayo wanakijiji walishinda Mahakama Kuu na kushindwa katika Mahakama ya Rufani, imo katika ripoti za mwaka 1985. Mwanajiografia asiyefungua vitabu vya sheria ataandika kuhusu makazi ya Hanang akiwa na nusu ya habari.

Baadhi ya mambo haya hayahitaji bajeti kubwa. Usajili wa Research4Life haukuwekewa vyuo vikuu peke yake. Ofisi za serikali na maktaba zinaweza kuomba, na halmashauri ya wilaya ni mojawapo ya zinazostahili kujaribu. Vyuo vinavyotuma wanafunzi Katesh kuhoji waathirika vinaweza kuwataka waache nakala ya tasnifu wilayani, ikiwa na muhtasari wa Kiswahili. Vipimo vya mvua vya maeneo yaliyokwisha kupata maafa vinaweza kutolewa bila ada kwa watafiti wa vyuo vya ndani.

Ugumu mkubwa utabaki kwa yale majalada ya vijiji. Kuyakusanya, kuyapa tarehe na kuyaweka katika ramani ni kazi ya miezi, isiyompatia mhadhiri makala katika jarida la nje. Mabonde yaliyopitisha tope mwaka 2023 yangali yakishuka kuelekea makazi ya watu, na mvua za vuli hurudi kila mwaka.