Weupe Nyuma ya Mtu Aliyechorwa

Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimpa mchoraji Joy Adamson kazi ya kuwachora kwa rangi za maji watu wa makabila ya Kenya, wakiwa katika mavazi ya jadi yaliyokuwa yakianza kupotea. Mamia ya michoro ikatoka mikononi mwake, na mwaka 1967 kikachapishwa kitabu chake, The Peoples of Kenya. Itazame michoro hiyo: shanga zinahesabika moja moja, lakini mara nyingi nyuma ya mtu hakuna boma, ngamia wala njia. Ni karatasi nyeupe tu.

Wapo wanaousifu uaminifu wa mkono ule, na wapo wanaoitupa michoro kwa kuwa ni ya ukoloni. Sisi tulioandaa toleo hili la michoro hiyo tunasema isomwe, weupe wake ukiwemo.

Kabla ya watu, Joy alichora mimea, na mume wake wa wakati huo, Peter Bally, alikuwa mtaalamu wa mimea. Katika michoro ya aina hiyo mmea hutolewa ulikoota, ukawekwa peke yake na kuandikiwa jina la jamii yake. Binadamu naye akachorwa vivyo hivyo, kabila likawa ndilo jina.

Kwetu Tarbaj, kaskazini mwa Kenya, weupe huo umemeza mengi. Mume aliyefuata wa Joy, George Adamson, alikuwa afisa wa wanyamapori wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, eneo lililofungwa: mgeni hakuruhusiwa kuingia bila kibali. Sheria ya 1934 iliwapa watawala uwezo wa kukamata watu na mifugo ya jamii nzima iliyohesabiwa kuwa korofi. Mfugaji aliyepakia nyumba yake ya mikeka juu ya ngamia kufuata maji alikuta malisho yamewekewa mipaka. Mipaka si vazi, kwa hiyo haikuagizwa ichorwe.

Hata mwaka wa kitabu una habari zake. Mwaka huohuo wa 1967 Kenya na Somalia zilipatana Arusha, baada ya vita vya Shifta, vita vya kutaka kuitenga kaskazini na Kenya, ambamo raia wengi wa huko walikusanywa kwa nguvu katika vijiji vilivyolindwa na askari, mifugo yao ikiteketea.

Ndiyo maana kila mchoro katika toleo hili umeandikiwa maelezo mapya: nani aliuagiza, na sheria gani ilitawala mahali ulipochorwa. Mwalimu atakayeupeleka darasani asiishie kuuliza huyu ni wa kabila gani. Aulize pia rangi zililipiwa na nani.