Gundi ya migunga ya Kaskazini isiuzwe kiholela

VITA vilivyozuka nchini Sudan mnamo Aprili 2023 vimetikisa biashara ya gundi ya migunga, ijulikanayo pia kama gamu arabiki. Kordofan na Darfur, maeneo yaliyoathirika pakubwa, ndiyo chimbuko la sehemu kubwa ya gundi hiyo duniani.

Miongoni mwa wanaoihitaji ni viwanda vinavyogeuza mafuta kuwa poda. Mafuta ya samaki, vitamini A na mafuta ya kutia ladha huharibika upesi yakipatwa na hewa au mwangaza.

Ili kuyakinga, hukorogwa pamoja na maji na gundi hadi yawe matone madogo mno. Mchanganyiko huo hunyunyizwa ndani ya tangi lenye hewa moto, aghalabu ya nyuzi 150 hadi 200 za Selsiasi. Maji hukauka kwa sekunde chache, nayo gundi hubaki kama ganda linalofunika mafuta.

Manufaa yake yamefika hadi jikoni. Tangu 2012, sheria ya Kenya inawataka wasagaji kutia vitamini A katika unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwa pakiti. Vitamini hiyo hutiwa ikiwa poda, ndani ya ganda la gundi, wanga au jelatini.

Migunga inayotoa gundi humea Turkana, Samburu, Isiolo, Marsabit na Wajir. Hata hivyo, wafugaji wanaoiokota huiuza ikiwa ghafi kwa mabroka, ambao ndio huamua bei.

Kikwazo kikuu ni ubora. Gundi safi huyeyuka kwa wingi bila kufanya maji kuwa mazito, na protini iliyomo hushikilia mafuta. Ikichanganywa na ya miti mingine, ganda huwa dhaifu, mafuta huvuja na poda huanza kunuka.

Ni bayana kwamba viwanda havitasubiri milele, kwani wanga uliorekebishwa unaweza kuchukua nafasi ya gundi. Serikali za kaunti hazina budi kuwafunza waokotaji kuitenganisha gundi, kufungua vituo vya ununuzi na kuhakikisha inapimwa katika maabara kabla ya kuuzwa.

Mchumia juani hulia kivulini. Bila hatua hizo, mfugaji wa Kaskazini ataendelea kuchumia juani huku wengine wakilia kivulini.