Nani kasema nakala ni feki?

Haya wadau, leo nimekuja na ubishi. Wiki nzima pale vimbwetani watu wanabishania ndege inaitwa Thunder Mustang, na washkaji karibu wote wameng'ang'ania neno moja tu: feki. Mi nakataa.

Kwa asiyeijua, P-51 Mustang ni ndege ya kivita ya Marekani ya Vita Kuu ya Pili. Iliruka mara ya kwanza 1940 na zikatengenezwa zaidi ya 15,000. Thunder Mustang ni nakala yake: ukubwa ni robo tatu, mwili ni wa nyuzi za kaboni, injini ina silinda 12 na nguvu farasi 640. Ya kwanza iliruka 1996. Iliuzwa vipande vipande, mnunuzi anaunga mwenyewe. Baadhi zimeshindana kwenye mbio za ndege za Reno, Nevada, zilizoanza 1964 na kufanyika huko kwa mara ya mwisho 2023.

Washkaji wanasema ukitaka mbio za Mustang, rusha Mustang yenyewe. Sawa. Hiyo yenyewe iko wapi? Chukua Galloping Ghost, Mustang halisi kabisa kwa makaratasi. Ili ikimbie zaidi walifupisha mabawa, wakabadili mfumo wa kupoza injini, wakaondoa hata lile tundu la hewa la tumboni ambalo ndilo linakuambia hii ni Mustang. Tarehe 16 Septemba 2011, ikiwa mbioni Reno, nati zilizochoka zikaachia kipande cha usukani cha mkiani kitikisike. Ndege ikapanda ghafla, ikageuka, ikaanguka kwenye eneo la watazamaji. Rubani Jimmy Leeward akafa, na watu 10 waliokuja kuangalia wakafa. Wachunguzi walisema ilikuwa na marekebisho makubwa ambayo hayakujaribiwa wala kuandikwa ipasavyo.

Sasa niambieni, feki ni ipi hapo? Ile inayosema wazi "mimi ni nakala", au kitu cha kale kilichokatwakatwa mpaka kikabaki na jina tu? Na hizo za asili zikianguka hakuna kiwanda cha kutoa nyingine. Ni sawa na kuchukua hati pekee ya maktaba ukafungia maandazi.

Sisemi nakala haiui. Kasi ni kasi, na aliyeunga vibaya atalipa. Wala sisemi ni mchezo wa watu wa bumu kama sisi, ni wa wenye hela. Lakini nakala ikiharibika, michoro ipo, na historia haijapungua hata msumari.

Na hapa ndipo mimi mtu wa ualimu naumia zaidi. Sheria ya Marekani kuhusu ndege za kuunga mwenyewe inataka sehemu kubwa ya kazi ifanywe na watu walioianza kwa ajili ya kujielimisha au kujiburudisha. Mmeisoma hiyo? Kujielimisha! Serikali inaitambua gereji kuwa darasa. Sisi huku tunachora praktiko ubaoni, mwanafunzi anakariri picha ya kifaa ambacho hajawahi kukishika, halafu tunampa A.

Nani kati yetu hakuunga gari la waya utotoni? Lile nalo lilikuwa nakala. Ndilo lililotufundisha kwamba usukani ukilegea, tairi za mbele hazifuati. Hakuna aliyetuita matapeli.

Kesho kutwa tutasimama mbele ya watoto, na mmoja ataleta ndege ya mabati aliyounga mwenyewe. Ukimwambia "feki hiyo", umemuua fundi. Mwambie akuonyeshe mkia wake unavyofanya kazi.

Haya, anayebisha aje na hoja. Neno feki peke yake silipokei.