Kukilaumu Kitabu Mashuhuri si Utovu wa Adabu

Imeenea imani miongoni mwa walimu, wahariri na wapenzi wengi wa fasihi kwamba kitabu kilichosifiwa na vizazi viwili vitatu hakilaumiki tena, na kwamba msomaji wa kawaida anayethubutu kukiita kibovu au kichoshi hudhihirisha upungufu wake mwenyewe wala si wa kitabu. Imani hiyo ni potofu, na madhara yake kwa fasihi yanazidi yale ya lawama yoyote kali, kwa sababu huwafundisha watu kukiheshimu kitabu bila kukisoma.

Mfano wa manufaa ya lawama ulio karibu na wasomaji wa Kiswahili ni wa Kichomi, diwani (yaani mkusanyiko wa mashairi) ya Euphrase Kezilahabi iliyochapishwa mwaka 1974. Wanajadi, yaani wasomaji na watunzi walioshikilia ushairi wa mapokeo, walikuwa na vipimo vilivyo wazi, ambavyo Amri Abedi alikwisha kuvieleza katika kitabu chake cha sheria za utunzi mwaka 1954. Katika tarbia, ambayo ni shairi lenye mishororo minne kwa kila ubeti, mshororo kwa kawaida huwa na mizani 16, yaani silabi 16 zigawanyikazo nane kwa nane, na kila kipande huishia kwa kina, ambacho ni silabi inayorudiwa mahali palepale kutoka mshororo hadi mshororo. Walipoifungua Kichomi wakakuta mishororo mirefu kwa mifupi, isiyojali kina wala mizani na isiyoimbika kwa mahadhi waliyoyazoea, walitamka bila kumung'unya maneno kwamba huo haukuwa ushairi.

Leo, baada ya mashairi huru, yaani yasiyofuata vina na mizani, kukubalika hadi madarasani, ni rahisi kuwabeza wanajadi hao, lakini anayewabeza husahau kazi waliyoifanya. Kwa kuwa waliitaja kasoro waliyoiona kwa jina lake, wakaeleza kipimo walichokitumia, waliwalazimisha wanamabadiliko, yaani watetezi wa utunzi mpya, kujibu swali ambalo awali halikuwabana: ushairi ukivuliwa vina na mizani, hubaki na nini cha kuutofautisha na nathari? M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi, ambao diwani yao ya Malenga wa Bara ilitoka mwaka 1976, walilikabili swali hilo kwa kina katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu. Wanajadi hawakufaulu kuyazuia mashairi huru. Hata hivyo, bila ukali wao nadharia ya ushairi wa Kiswahili ingekuwa maskini zaidi.

Iwapo lawama iliyoshindwa ilizaa matunda hayo, ile yenye haki huzaa makubwa zaidi. Mwaka 1975, katika mhadhara alioutoa kwenye Chuo Kikuu cha Massachusetts mjini Amherst, mwanariwaya wa Nigeria Chinua Achebe aliishambulia Heart of Darkness, hadithi ya Joseph Conrad ya mwaka 1899 ihusuyo safari katika Mto Kongo, ambayo ilikuwa ikitukuzwa katika vyuo vya Ulaya na Marekani, akamwita mwandishi wake mbaguzi wa rangi. Achebe hakuishia kwenye shutuma: aliwatazama Waafrika walioko ndani ya hadithi, akaonyesha kwamba wamenyimwa lugha ya kibinadamu, isipokuwa katika sehemu mbili tu. Tangu hapo ni vigumu kuifundisha hadithi hiyo bila kumjibu Achebe, na hata wanaomtetea Conrad wamelazimika kuisoma upya.

Watetezi wa imani inayopingwa hapa hudai kwamba lawama nyingi ni matusi ya watu wasiomaliza hata sura tatu. Matusi yapo, wala hayastahili kusikilizwa. Lakini sifa tupu zipo pia, na hizo hutuzwa. Mwanafunzi aliyekariri mwongozo, yaani kijitabu kinachomfupishia dhamira, wahusika na mbinu za sanaa, huweza kupata alama nzuri kwa kukisifu kitabu asichokifungua, ilhali mwenzake aliyekisoma chote kikamchosha hapewi nafasi ya kueleza kilimchosha wapi na kwa nini. Kipimo cha haki ni kimoja kwa anayesifu na anayelaumu: ataje mahali, ataje mhusika au tukio, kisha ajenge hoja juu yake.

Kwa hiyo mwalimu anayefundisha kitabu teule ana wajibu wa kuwauliza wanafunzi ni wapi kitabu hicho kiliwakera na kuwadai ushahidi, na mhariri anayechapisha uhakiki ana wajibu wa kuipa lawama yenye hoja nafasi ileile anayoipa sifa. Kitabu kilicho imara hakihitaji kukingwa dhidi ya wasomaji wake, na kile kisichoweza kustahimili maswali yao hakistahili umashuhuri kilioupata.