Wazazi, Shule Yapimwaje?

Kila mwaka majina ya watoto waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza yatokapo, nyumba nyingi hujaa furaha. Furaha ikipoa, huja swali. Mzee mmoja wa visiwa vya delta ya Rufiji aliniuliza swali hilo gatini Nyamisati, tulipokuwa tukingoja maji yajae. Alisema, "Mwanangu, mjukuu wangu wa kike amechaguliwa sekondari upande wa Kibiti. Mimi sikusoma. Nitajuaje kama shule hiyo ni nzuri?"

Nikamwuliza, "Mzee, ukinunua mashua watazama nini?"

Akacheka. "Rangi hainivushi. Nainama nitazame mataruma, na kalafati kama imeshika."

Nikamwambia, "Basi, hata shule hupimwa hivyo hivyo."

Wazazi wapenzi, wengi wetu twatazama rangi. Rangi ya shule ni jina lake, na hesabu ya waliopata daraja la kwanza. Ni vema Baraza la Mitihani hutoa matokeo ya kila shule mbele ya watu wote. Walakini hesabu hiyo yawataja waliofika kwenye mtihani tu. Tuseme watoto 100 waliingia kidato cha kwanza, wakafika mtihani wa kidato cha nne 60, wakashinda 50. Shule itasifiwa kwamba katika kila watoto sita, watano wameshinda. Na wale 40 je? Hawamo katika sifa wala katika lawama. Basi swali la kwanza la kumwuliza Mkuu wa Shule ni hili: Walioanza walikuwa wangapi, na waliomaliza ni wangapi? Waliohama shule, sawa. Wengine wako wapi?

Kwa watu wa delta swali hili ni zito. Mto Rufiji hugawanyika mikono mingi kabla ya kuingia baharini, katikati ya msitu mkubwa wa mikoko. Watu wa Maparoni, Kiongoroni, Salale na Msala husafiri kwa mashua, na mashua hufuata maji. Tena msimu wa mpunga watu wengi huhamia madunguni ili walinde mashamba. Mtoto wa huko akipangiwa shule ya mbali nchi kavu, hawezi kwenda na kurudi kila siku. Basi swali la pili ni hili: Atalala wapi?

Kama shule ina bweni, omba ruhusa ulione. Tazama kitanda, dirisha na mlango unaofungwa. Uliza ni mtu mzima gani alalaye karibu. Kama ni shule ya kutwa, huenda mtoto atapangishiwa chumba mtaani, ajipikie na kujilinda mwenyewe akiwa na miaka 14. Chumba hicho hakimo katika ramani ya shule, lakini huko ndiko utoro huanza, na huko ndiko msichana hunyemelewa.

Jambo la tatu ni choo na maji. Mwongozo wa Serikali wasema tundu moja la choo kwa wasichana 20, na tundu moja kwa wavulana 25. Hesabu mwenyewe, kuhesabu matundu hakuhitaji cheti. Tazama kama maji yapo, na kama msichana ana mahali pa kujisitiri akiwa katika siku zake.

Jambo la nne ni daftari. Kwa kuwa masomo mengi ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, mzazi hujiona hana la kusema. Si kweli. Azima daftari la hisabati la mtoto wa jirani asomaye shule hiyo. Tazama tarehe: zafuatana, au zimeruka wiki tatu? Tazama wino mwekundu wa mwalimu: upo, au kurasa zimepita bila kusahihishwa? Na ukionyeshwa jengo la maabara, ambalo katika shule nyingi za kata wananchi walilichangia kwa jasho, uliza pia kama mwalimu wa kemia yupo, na lini wanafunzi walishika vyombo kwa mikono yao. Jengo peke yake halifundishi.

Sasa tujipime na sisi. Zamani ada ya shule ya Serikali ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa kutwa na 70,000 kwa bweni. Tangu Januari 2016 ada ya kidato cha kwanza mpaka cha nne imeondolewa, na mwaka 2022 ikaondolewa ya kidato cha tano na cha sita. Wengine wetu tulidhani kwamba ada ilipoondoka, wajibu nao umeondoka. Mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri, akakaa darasani mpaka alasiri na njaa, mwalimu gani atamfundisha? Wazazi wakikubaliana katika mkutano wao, kila nyumba kwa kadiri ya uwezo wake, chakula cha mchana hakishindikani katika nchi ya mpunga.

Kadhalika, Novemba 2021 Serikali iliruhusu msichana aliyeacha shule kwa sababu ya mimba arudi akiisha kujifungua. Uliza kama shule yampokea. Lakini kwanza tujiulize kama sisi nyumbani twampokea, au twamficha jikoni kama aibu.

Mzee yule nilikutana naye tena baada ya muda. Alikuwa amekwenda mwenyewe, ameuliza na kuhesabu. Alikuta madarasa mazuri, na daftari zenye wino mwekundu. Choo cha wasichana kilipungua matundu, na bweni hakuna. Hakumnyima mjukuu wake shule kwa sababu hiyo. Alimtafutia shangazi yake akae kwake, kisha akasimama katika mkutano wa wazazi akataja habari ya bweni na matundu ya choo.

"Walishangaa kuona mtu wa visiwani anauliza," akaniambia. "Lakini waliandika."

Ndugu wazazi, shule ya Serikali ni mali yetu. Tukienda huko siku ya kupokea matokeo tu, tumekwenda kutazama rangi. Twende mapema, twende wawili watatu, tuulize kwa heshima bila ugomvi, na tukiona pengo tuseme tutasaidia wapi. Wahenga walisema, vyaelea vimeundwa. Nasi hatuna budi kwenda kuwaona waundaji kazini, na kuwashikia ubao.