Kamba siyo woga, jamani

Nimekuwa kimya wiki mbili hizi, majaribio yalikuwa yananikimbiza huku na huku, mtanisamehe. Leo nina hasira kidogo, kwa hiyo naandika kabla hazijapoa.

Tangu ile video ya watu wanaopanda miti kwa kamba ianze kuzunguka kwenye simu zetu, pale vimbwetani hakukaliki. Mmeiona wengi: jamaa wamevaa kofia ngumu na mikanda ya mapajani, wananing'inia juu ya mti mkubwa kama popo, wanacheka. Wenzetu wakaanza. Eti huo ni mchezo wa wazungu waliokosa kazi. Eti mkwezi wa Pangani anapanda mnazi asubuhi bila hata viatu, anaangua nazi, anashuka, anakunywa chai yake, kofia ya nini? Mmoja akamalizia kwamba mwanaume anayehitaji kamba kupanda mti abaki chini na akina dada. (Hiyo ya akina dada nitaishughulikia siku nyingine, leo sina nafasi.)

Sasa nawauliza: katika ninyi mnaomsifu mkwezi wa Pangani, nani amewahi kumwona mkwezi mzee? Mimi nimezaliwa huko huko. Baba yangu mdogo alikuwa mkwezi, tena wa kuitwa kutoka vijiji vya mbali. Alisifiwa kila siku na wenye minazi, na alilipwa kwa mti. Mwaka 2014, mvua ikiwa imenyesha usiku, akateleza. Leo anatembea kwa magongo, na wale waliokuwa wanamwita simba wakamtafuta simba mwingine wiki hiyo hiyo. Tunasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mkwezi akisifiwa anavunjika mgongo.

Sifa ni rahisi kuliko mkanda, ndiyo maana zinatolewa kwa wingi. Na anayezitoa siku zote yuko chini.

Halafu kuna hoja inayosemwa kwa ujanja: "Mbona mkwezi naye ana kamba?" Ndiyo, anayo, ile ya kuunganisha miguu. Lakini angalieni kazi yake. Ile kamba inasaidia nyayo kulishika shina ili apande. Akipatwa na kizunguzungu, akiumwa na manyigu (na manyigu wanapenda sana vilele vya minazi), akishika kuti lililooza, ile kamba haimdaki. Inaanguka naye. Kuna kamba ya kupandia na kuna kamba ya kukuokoa, na hapa ndipo mjadala mzima wa vimbwetani ulipopotea. Huu msemo wa "amekalia kuti kavu" mnaoutumia kwa mawaziri mnadhani ulitoka wapi?

Tuje kwa hao mnaowaita waliokosa kazi. Mchezo huu kwa sura yake ya sasa ulianzia Atlanta, Marekani, mwaka 1983. Aliyeuanzisha, Peter Jenkins, alikuwa amekwea miamba, kisha akawa mtu wa kukata na kutibu miti, yaani huko juu palikuwa kazini kwake. Na sehemu kubwa ya mbinu zake zilitoka kwa watu wa kazi kama yeye, siyo kwa matajiri wanaotafuta picha.

Namna inavyofanyika ni hivi. Unachukua uzi mwembamba wenye kifuko kizito mwishoni, gramu 300 au 400 hivi, unakirusha kipite juu ya tawi. Tawi lenyewe liwe hai, nene sentimita 15 au zaidi, na kamba ikae karibu na shina. Kwa uzi huo unavuta kamba yenyewe, na pale inapopita juu ya tawi unaweka bomba au ngozi ili isilichubue gome (mti nao una haki zake). Ncha moja unaifunga kwenye mkanda wako, halafu kwa mkia wake unafunga fundo la msuguano kwenye upande wa pili wa kamba. Wengi huanza na fundo la Blake: mizunguko minne kwenda juu, kisha ncha inarudi chini, inapita nyuma ya kamba na kutokea katikati kupitia mizunguko miwili ya chini. Mwisho wa mkia unaweka fundo la kuzuia usichomoke. Jina ni la Jason Blake aliyelitangaza mwaka 1994, ingawa Mwaustria Heinz Prohaska alikuwa ameshaliandika kabla yake.

Fundo hilo ukilisukuma kwa mkono linateleza, ukilikalia linabana. Basi. Unavuta kamba mita mbili, unapanda mita moja, kwa hiyo nguvu unayotumia ni kama nusu ya uzito wako, ukiongeza ile inayoliwa na msuguano kwenye tawi. Wenzangu wa fizikia, hamwoni kitu hapo? Mimi mashine rahisi nilifundishwa kidato cha pili na msuguano kidato cha tatu, yote kwa chaki, na roda sikuwahi kuigusa. Kamba moja kwenye mwembe wa shule ingefundisha mada zote mbili kabla ya saa nne. Badala yake, kwenye mazoezi ya ualimu nimeona watoto wakichapwa kwa kupanda mwembe, na kesho yake wako juu ya mwembe ule ule, safari hii kwa haraka zaidi ili wasionekane. Mnajua mtoto anayepanda kwa haraka anaishia wapi.

Lakini upande wa pili nao msishangilie. Ninyi mliopenda ile video mpaka mkaenda dukani kununua kamba ya bluu ya plastiki, nawaomba mniangalie usoni. Nasikia tayari mnapanga Jumamosi. Kamba siyo kamba tu! Ile ya bluu inayeyuka kwenye nyuzijoto kama 165, na fundo likisugua kwa kasi joto linapanda haraka kuliko mnavyofikiri. Jua nalo linaila taratibu. Wanayotumia wale ni ya polista, unene wa milimita 11 mpaka 13, na polista inafika zaidi ya 250 bila kuyeyuka. Hata katani yetu ya Tanga, ambayo naipenda kwa moyo wote maana imesomesha ukoo mzima, siyo ya kunyanyulia mtu: inakunywa maji na kuoza kwa ndani wakati nje inang'aa. Na zile karabina za kuning'inizia funguo mziache kwenye funguo.

Jingine: kamba za miti hazinyumbuki sana. Ukipanda juu ya mahali ulipofungia huku kamba imelegea, ukianguka itakudaka kweli, ila kiuno chako kitalipa. Kamba ibaki imekaza muda wote. Na usipande peke yako, maana aliyezimia akining'inia kwenye mkanda anahitaji mtu wa kumshusha upesi, siyo mtu wa kumpiga picha.

Sasa narudi kwa mkwezi, maana najua mtaniambia mnazi hauna tawi. Kweli. Huwezi kurusha kamba juu ya makuti ukajiamini. Mnazi unataka mbinu nyingine: mkanda wa kiunoni na kamba inayozunguka shina, unaisogeza juu kadiri unavyopanda. Na izungushwe mara mbili au iwe ya kujikaza yenyewe, la sivyo mtateleza pamoja mpaka chini. Hilo siyo jambo geni hata hapa kwetu. Fundi wa umeme anapopanda nguzo ana mkanda unaoizunguka, na sijasikia mtu vimbwetani akimwambia abaki na akina dada. Nguzo ina mkanda kwa sababu ina mwajiri. Mnazi una mwenye shamba, ambaye akiona mkwezi ameanguka anasema ni kazi ya Mungu.

Kule Kerala, India, waliona vijana wanaikimbia kazi hii. Mwaka 2011 bodi yao ya minazi ikaanza kuwafundisha watu kupanda kwa kifaa cha kukanyagia kinachofungwa kwenye shina, na wakawakatia bima ya ajali. Wanawake wakaingia pia kwenye mafunzo, wakapanda. Wahindi hao hawakuona aibu, na nazi zao hazikukataa kuanguliwa.

Nimesema baba mdogo aliacha kupanda. Sikusema anayepanda sasa ni nani. Ni mwanawe, miaka 19, minazi ile ile, mwenye shamba yule yule. Nilipompigia simu wiki iliyopita aliniambia sasa hivi wanamwita simba mdogo.

Kwa hiyo bumu likitoka tunachanga. Mkanda mmoja wa kiunoni na kamba moja ya shina, vya kazi, vyenye nguvu iliyoandikwa juu yake, siyo vya mtumba ambavyo hatujui vilidaka nini kabla. Nimeshampata fundi wa nguzo aliyekubali kumfundisha dogo kwenye mnazi mfupi kwanza. Mpaka jana tulikuwa watu wanne, mmojawapo ni yule yule wa "abaki na akina dada", ametoa elfu tano na kuomba nisimtaje jina. Sijamtaja. Anayetaka kuongeza anajua chumba changu, ila asije kati ya saa nane na saa kumi, nitakuwa lekcha.